Diski Nne za Bahati

Nilimrekodi shosho yangu kwa zaidi ya saa nne. Leo nimebaki na dakika 11.

Ilikuwa Desemba 2017, kwenye nyumba ya kanjo pale Bahati, Eastlands, alikoishi tangu akiwa bibi arusi. Nilikuwa nimenunua simu mpya, na ukishanunua simu mpya lazima utafute kitu cha kurekodi. Yeye alikuwa akichambua maharagwe kwenye uteo. Nikamwuliza, "Shosho, hii nyumba ulifika lini?" Akacheka, akasema nimechelewa kuuliza, kisha akaanza.

Tulirekodi jioni tano. Alinieleza Jumamosi moja ya Aprili 1954: malori ya jeshi alfajiri, wanaume kuketishwa chini kwa mistari, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akipitishwa mbele yao. Gunia likitikisa kichwa upande huu, unarudi nyumbani. Likitikisa upande ule, unapanda lori. Guka yangu alipanda lori.

Nilihamisha faili zote kwenye diski ya nje, nikafuta za kwenye simu ili nipate nafasi ya picha. Shosho alifariki 2019. Mwaka uliofuata diski ikaanza kulia tik, tik, tik, na fundi akanionyesha kwa kidole: kichwa cha kusomea kimegusa sahani, kimeikwaruza. Nikauliza bei ya kuokoa kilichomo. Aliponitajia, nilimshukuru nikaenda zangu.

Kilichobaki ni kipande kimoja nilichomtumia binamu yangu wa Nakuru kwa simu, sikumbuki hata kwa nini. Yeye hakukifuta. Dakika 11.

Nasimulia haya kwa sababu mwaka jana vijana fulani wa mtaa waliniita niwaundie seva. Wanazunguka kwenye nyumba za zamani za kanjo na za reli, wanarekodi wazee na kupiga picha za picha zao za ukutani. Wana haraka, na haraka yao ina sababu. Pangani, nyumba za zamani ziliangushwa 2020 ili ghorofa zijengwe. Muthurwa, ubomoaji ulianza 2010, wakaazi wakakimbilia mahakamani, na hukumu ikatolewa 2013. Kila mtaa wa zamani huku Eastlands unajua kuwa zamu yake iko njiani. Ukuta ukianguka na wazee wakitawanyika Kitengela, Ruai na mashambani, hakuna pa kurudi kuuliza.

Walikuwa na kompyuta moja ya mitumba, chumba kidogo nyuma ya kinyozi, na diski nne za terabaiti nne kila moja. Jamaa wangu mmoja, tuliyesoma naye, alikuwa ameshapanga mambo kichwani.

"Buda, si tuziunganishe zote nne ziwe kitu kimoja? Tupate nafasi mob, na spidi."

"Na moja ikikufa?"

"Hizi ni mpya, manze. Itakufa aje?"

Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa hesabu. Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliwasilisha makala kwenye mkutano wa wataalamu wa hifadhidata mjini Chicago. Wakati huo kampuni kubwa zilihifadhi data zao kwenye diski kubwa za bei ya kutisha. Pembeni kulikuwa na diski ndogo za kompyuta za mezani, za megabaiti 100 hivi, za bei nafuu. Wakauliza: kwa nini tusichukue diski nyingi za bei rahisi, tuzifunge pamoja, zifanye kazi ya ile moja kubwa?

Tatizo walilitaja wenyewe. Diski moja ya aina hiyo ilitarajiwa kufanya kazi kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kuharibika. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu, si mbaya. Lakini ukiwa na diski 100, unagawanya: 30,000 kwa 100 ni saa 300. Chini ya wiki mbili, kitu kimoja kimeharibika. Na kama data yako imetapakazwa juu ya zote bila kinga, moja ikienda umepoteza yote. Jibu lao waliliita RAID, yaani safu ya ziada ya diski za bei nafuu. Herufi ya I ilisimamia unafuu. Baadaye wauzaji waliigeuza iwe ya kujitegemea, nadhani kwa sababu hakuna muuzaji anayependa kuandika kwenye boksi kwamba kitu chake ni cheap.

Pendekezo la jamaa wangu, la kuunganisha zote nne bila ziada, linaitwa RAID 0. Sifuri hiyo ichukue jinsi ilivyo: sifuri ya kinga.

RAID 1 ni kioo. Kila unachoandika kwenye diski ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili. Ni wazo la zamani kuliko jina lake, na watu wa Nairobi waliishi nalo kabla ya kompyuta. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Nakala moja ilikuwa shingoni, rekodi nyingine ilikuwa kwenye masijala ya serikali. Ukiitupa yako, ile ya serikali ilikungoja. Serikali ya kikoloni ilijua umuhimu wa nakala mbili pale ilipotaka kukukumbuka.

RAID 5 ndiyo ilinichukua muda kumweleza jamaa, hadi nikatumia chama cha mama yake. Wanachama watatu wametoa 300, 500 na 200. Mweka hazina anaandika jumla kwenye ukurasa wa nne: 1,000. Mvua inyeshe, ukurasa wa aliyetoa 500 uloe usisomeke. Hujapoteza kitu. Chukua 1,000, toa 300, toa 200, umempata. Kompyuta inafanya vivyo hivyo kwa 0 na 1: inaandika kama idadi ya 1 inagawanyika kwa mbili au la, na kutokana na hapo inaweza kufufua kipande kilichokosekana. Wazo hilo pia lilitangulia Berkeley. Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza ya namna hiyo 1978. Katika RAID 5, ile jumla haikai kwenye diski moja. Inazungushwa kwa zamu, ili hata mweka hazina asiwe mtu mmoja wa kutegemewa.

"Basi tupige hiyo," jamaa akasema. "Tunapoteza diski moja tu, tunabaki na terabaiti 12."

Nikakataa. Ukurasa mmoja ukiloa chama kinapona. Kurasa mbili zikiloa, kile chama kwisha. Diski ikifa unaweka mpya, kisha mashine inasoma zote zilizobaki tangu mwanzo hadi mwisho ili ijenge upya iliyokufa. Kwa diski ya terabaiti nne hiyo ni kazi ya saa saba au zaidi, bila kupumzika, juu ya diski zilizozeeka pamoja na marehemu. Watengenezaji wengi wa diski za kawaida huandika kuwa tarajia biti moja isiyosomeka katika kila biti trilioni 100, yaani takribani terabaiti 12.5. Kujenga upya kwetu kungesoma terabaiti 12. Hicho ni kipimo cha kujikinga cha mtengenezaji, na mara nyingi diski hufanya vizuri kuliko hapo, lakini mimi ni mtu wa dakika 11. Sitaki kucheza pata potea tena.

Tukaweka RAID 6: hesabu mbili za aina tofauti badala ya moja, hivyo diski zozote mbili zinaweza kufa na data ikabaki. Katika terabaiti 16 tulizonunua, tunatumia nane. Jamaa aliangalia hiyo nane kama mtu aliyekatwa nusu mshahara.

Wakati mashine ikipanga diski usiku ule, nilikuwa nasoma juu ya ile Jumamosi ya shosho. Ilikuwa Aprili 24, 1954, na jeshi liliiita Operesheni Anvil. Jiji zima lilizingirwa, mitaa ya Waafrika upande wa mashariki ikachujwa nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakaishia kizuizini. Wengi walipitia Langata wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Kila hatua ilizaa karatasi, kwa sababu utawala ule ulipenda sana karatasi.

Basi karatasi hizo zilienda wapi?

Baadhi ya kumbukumbu za koloni zilikuwa zimeshapotea mapema. Moto wa 1939 kwenye ofisi za Sekretarieti, Nairobi, uliteketeza nyingi. Hiyo ni diski iliyokufa kwa ajali. Za miaka ya Hali ya Hatari zilipotea kwa makusudi. Mwaka 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa mwongozo kwamba serikali mpya zisiachiwe hati za kuifedhehesha Uingereza au kuwafichua waliofanya kazi na polisi na majasusi wake. Maafisa wakachambua faili: hizi zibaki, hizi zisafirishwe, hizi zichomwe. Maagizo yalieleza hadi namna ya kuchoma: karatasi igeuke jivu, na jivu lenyewe livunjwevunjwe. Kama si moto, basi makasha yenye uzito yazamishwe kwenye maji ya kina, mbali na pwani, pasipo mkondo. Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, rafu zilizokabidhiwa zilikuwa na mapengo. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iliundwa kisheria 1965 juu ya mapengo hayo.

Nilipofika hapo nikaacha kusoma, nikaangalia taa nne za kijani zikipepesa mbele yangu. Nikaelewa kitu nilichokuwa nimekisoma mara nyingi bila kukisikia: RAID si bekapu.

RAID inakulinda dhidi ya diski kufa. Haikulindi dhidi ya mwenye funguo. Mwenye mamlaka akisema futa, diski zote nne zinatii kwa pamoja, kwa haraka, bila kuuliza. Ungekuwa na vioo kumi, vingeonyesha utupu ule ule mara kumi. Faili za Anvil hazikuliwa na mchwa. Aliyezitunza ndiye aliyezichoma.

Somo hilo halikukaa kwenye vitabu kwa muda mrefu. Wiki ya pili, jamaa akisafisha folda za majaribio alifuta moja isiyo ya majaribio. Ilikuwa na mahojiano ya mzee mmoja wa Makongeni, aliyefanya kazi ya reli. Diski zote zilikuwa nzima na taa zote za kijani. Mzee hayuko.

Jamaa alikaa chini kwenye kreti ya soda, hakusema kitu. Mimi nilisikia ile tik, tik, tik. Tulichookoa nacho kilikuwa bahati: dada aliyerekodi alikuwa hajafuta kadi ya kinasa sauti. Tangu siku hiyo hakuna aliyenibishia juu ya bei ya bekapu.

Sasa kuna upande wa pili wa hadithi ya faili, na unafanana na binamu yangu wa Nakuru. Zile zilizosafirishwa hazikuchomwa. Zilikaa Uingereza zikiwa zimefichwa, mwishowe katika jengo la serikali huko Hanslope Park, Buckinghamshire. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza London kwa mateso ya kambini. Miongoni mwao walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara. Wanahistoria waliosaidia kesi, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walisisitiza kuwa kuna karatasi ambazo hazijatolewa. Mwaka 2011 serikali ikakubali kuwa inazo: takribani faili 8,800 kutoka makoloni 37, na za Kenya kama 1,500. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na waziri wake wa mambo ya nje akasema bungeni kwamba anajutia yaliyotendeka.

Nakala iliyokaa mbali iliokoa ushahidi, ijapokuwa aliyeiweka mbali hakuwa na nia ya kuokoa chochote. Bado inaniudhi. Lakini kabla sanduku za Hanslope hazijafunguliwa, kuna kazi ilikuwa imefanyika ambayo mtu wa diski anaitambua mara moja. Elkins alitumia karibu miaka kumi akilinganisha faili zilizosalia na masimulizi ya wazee wa Kenya ya kati, na kitabu chake kikatoka 2005. Ukurasa umeloa, lakini jumla ipo, na kurasa nyingine zipo. Unatoa, unalinganisha, unajua kilichokuwa pale. Wapo waliomwambia kuwa kumbukumbu za wazee si ushahidi wa kutosha. Faili zilipofichuliwa, mengi ya yale ambayo wazee walisimulia yalionekana kwenye karatasi za wakubwa wenyewe.

Kumbe shosho alikuwa diski katika safu moja na Hanslope, na mimi ndiye niliyeiangusha.

Basi hivi ndivyo tulivyopanga, kwa yeyote mwenye sauti za watu wake kwenye simu. Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na mwenzao Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Ya kwanza kwetu ni seva ile ya RAID 6. Diski zake tulizinunua kwenye maduka mawili tofauti, kwa sababu zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kuzeeka siku moja. Ina betri ya akiba, maana huku stima hupotea bila hodi na kurudi kwa kishindo. Kila mwezi mashine inasoma diski zote neno kwa neno kutafuta pahali palipoanza kuoza, na diski ikilegea inatutumia ujumbe. Ya pili ni diski mbili za nje zinazopokezana: moja iko kwenye kabati Bahati, nyingine iko Nakuru kwa binamu. Kila mwisho wa mwezi moja inapanda mathree, nyingine inarudi. Diski ambayo haijachomekwa popote haiwezi kutii amri ya kufuta. Ya tatu inatumwa kwa intaneti ikiwa imefungwa kwa nywila, na nywila hiyo wanaijua watu watatu, si mmoja.

Wazee tunawapa nakala pia, kwenye kadi ndogo. Mama mmoja wa Shauri Moyo aliiweka kwenye kikopo cha chuma alichokuwa akihifadhia risiti za kodi ya nyumba. Nilitaka kumwambia juu ya kipande, nikaona ninyamaze.

Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Kwa hivyo kila diski ya Nakuru ikishuka Machakos Country Bus, tunachagua faili moja kwa kura, tunairudisha kwenye kompyuta tupu, na tunaisikiza mwanzo hadi mwisho tukiwa wote. Mwezi uliopita kura iliangukia dakika 11.

Inaishia katikati ya sentensi. Sauti ya maharagwe kwenye uteo, halafu anasema, "Sasa guka yako aliporudi, hakuingia ndani, alisimama pale mlangoni..." Basi. Kila mtu chumbani aliniangalia nimalizie.

Nilimalizia nilivyokumbuka. Jamaa wangu akawasha kinasa sauti bila kuniuliza. Wiki iliyofuata tulimpigia shangazi, akasimulia alivyosikia yeye, na anasema guka aliingia ndani moja kwa moja. Binamu wa Nakuru ana toleo la tatu. Tumeziweka zote kwenye folda moja na ya shosho, kila moja na jina la msemaji na tarehe, na tumeandika wazi ni ipi sauti yake na ni zipi zetu. Jumapili hii tunaenda kwa mdogo wake shosho, Kayole. Ana miaka 84. Nimechaji simu mbili.